Kumshusha Baba Mkwe Ziwani

Usiku wa jana, tumbo likiwa limejaa ndizi za maharage na kichwa kimejaa pikapu, niliota kwamba boti la Baba Mkwe limeingia jikoni kwangu kuomba chumvi.

Lakini nianze na ya mchana, maana bila hayo utadhani nilikuwa na homa.

Mimi ni Subilaga, mwalimu wa udereva hapa Tukuyu. Kazi yangu ni kukaa kiti cha pembeni na kupiga kelele ya neno moja tangu asubuhi mpaka jioni: "Kioo! Tazama kioo! Kioo!" Nimeolewa na Ambakisye. Baba yake Ambakisye ndiye mkwe wangu, na jina lake silitaji. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe. Akitokea njiani, unachepuka. Akiingia uani, wewe unaingia ndani. Siku hizi wengi wamelegeza, wanakula naye meza moja na kupeana rimoti. Ukoo wa mume wangu haujalegeza hata uzi. Tangu niolewe, mpaka mwanangu Lusajo ameota ndevu, ninavyovijua vya mzee ni kofia yake, kikohozi chake na visigino vyake. Uso wake siujui.

Naye akiwa na neno kwangu hulituma kwa chochote kilicho karibu naye. "Wewe kuku," husema akiwa uani, "mwambie Mama Lusajo chai ya leo haina tangawizi." Kuku hanyanyui hata shingo. Mimi huku ndani natwanga tangawizi.

Mzee huyu alipostaafu alijenga boti. Alilijenga hapahapa Tukuyu, katikati ya migomba, mlimani, ambapo maji makubwa kuliko yote ni ya mtaro. Watu walimwuliza kwa nini asiende kulijengea Matema, kando ya Ziwa Nyasa lenyewe. Akasema mbao ziko huku, na kama ni kulipima iwapo linavuja, mvua ya Tukuyu inatosha. Boti limekwisha. Ni zito kama dhambi ya kanisani, na limekaa juu ya trela likisubiri Jumamosi livutwe hadi Matema. Ndugu na majirani wametoa pikapu tatu tuchague moja. Mchaguzi ni mimi na dereva ni mimi, kwa sababu Ambakisye akishika usukani hata mbuzi wanakumbuka kusali.

"Na mzee atapanda gari gani?" nilimwuliza Ambakisye jana mchana.

"Mzee atakaa botini."

"Botini, likiwa barabarani?"

"Anasema hakulijenga ili liende ziwani na mtu mwingine. Atakaa humo mpaka lielee."

"Nyuma yangu?"

"Nyuma yako," akasema Ambakisye, akaondoka haraka.

Basi pata picha. Mteremko ule wa kushuka Ipinda, boti zito nyuma, na ndani ya boti mzee ambaye siruhusiwi kumtazama. Nisipotazama kioo, nitamwua. Nikitazama, nitamvunjia heshima ambayo tumeitunza sote wawili miaka yote hii. Kusema tuahirishe haiwezekani. Mwaka jana alikuwa anapanda ngazi ya boti lile mwenyewe, mwaka huu anashikwa mkono, na mwakani sijui. Sitaki afe bila kukaa juu ya maji. Mzee huyu nampenda, nalisema waziwazi, ingawa nimempendea visigino tu.

Nikalala nayo hiyo. Ndipo boti likaja.

"Hodi jikoni," linasema. Limejikunja mbavu ili lipite mlangoni, na linajitahidi lisiguse masufuria.

"Karibu," nasema. "Shida gani?"

"Naomba chumvi kidogo. Nimezaliwa Tukuyu, maji ya kuelea sijawahi kuyaonja. Nataka nijizoeze kabla ya Jumamosi."

Nikalieleza kwamba Ziwa Nyasa halina chumvi. Boti likachungulia rafuni.

"Basi nipe sukari," likasema.

Nikalipatia sukari. Likashukuru, likasema nitoke uani maana wanaotaka kunivuta wameshafika na wanaona aibu kukaa bila mwenyeji.

Uani pametandikwa mikeka. Pikapu tatu zimekaa juu ya mikeka zimekunja magurudumu kwa upande, kama akina mama msibani, na kila moja imejifunga khanga. Mbele yao amesimama yule kuku wa kijivu, kavaa tai ya Ambakisye.

"Mimi ndiye msemaji wa Mzee," akasema kuku. "Kwa miaka mingi nimekuwa nikitumwa maneno na sikupewa nafasi ya kuyafikisha, mtu anasikia kabla sijafungua mdomo. Leo nitayafikisha yote. Sheria ya kwanza: atakayefungwa kwenye boti hili amekwisha kuwa mkwe wa Mzee. Asimtazame, asipishane naye kwa karibu, wala asimpigie honi."

Pikapu zote tatu zikainamisha taa. Kumbe ndiyo maana ya khanga.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Nyekundu. Mpya, mrefu, anang'aa hata kwenye matairi. Alijipapasa boneti akasema, "Mimi sina maneno mengi. Nina nguvu za farasi mia mbili."

"Waonyeshe," akasema kuku.

Nyekundu akafungua boneti, na farasi wakaanza kushuka. Walishuka mmojammoja, kila mmoja akisema samahani kwa aliyemkanyaga. Wakajaa uani, wakajaa migombani, wengine wakasimama chooni mlango wazi. Tukuyu hatufugi farasi, sikujua wanakula nini, nikawapa chai. Wakanywa kwa adabu sana, vikombe wamevishika kwa kwato mbili.

Mimi ni mwalimu, swali langu ni lilelile siku zote. "Kuvuta nimeona," nikawaambia. "Na kusimama je?"

Farasi wakatazamana.

"Sisi tuliajiriwa kuvuta," akasema yule wa mbele. "Kusimama tuliambiwa kuna mwenzetu anashughulikia."

"Yuko wapi?"

Wakageuka kumtafuta. Walitafuta hadi chini ya vikombe.

"Mwalimu, mbio ninazo," akasema Nyekundu, sauti imeshuka kidogo.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," nikamjibu.

Mimi nilisema kama watu wanavyosema. Farasi wakadhani wanaelekezwa. Wakaweka vikombe chini, wakashika mbio mpaka ukingo wa kiwanja chetu, pale penye mporomoko, wakaanza kuanguka kwa foleni huku wakisema samahani. Nyekundu akabaki ameshika boneti wazi, ndani mna jogoo mmoja tu ambaye naye hakuwa wake.

Wa pili alikuwa Bluu, mzee wa kazi, bodi imebonyea pande zote kama sufuria la shule. Huyu hakuwa na saiti mira, vile vioo vya pembeni, hata kimoja. Mahali pake palikuwa na vishimo.

"Nimeving'oa mwenyewe," akasema, "kwa heshima ya wakwe. Mimi tangu niingie barabarani sijawahi kuona nilichobeba. Nimebeba saruji nikadhani ni nyanya. Nimebeba kwaya nzima kutoka Kyela, nikadhani ni mbuzi, mpaka walipoimba. Na walipoimba nikasema, lo, mbuzi wa siku hizi wamesoma."

Kuku akapiga mabawa kwa furaha. "Huyo ndiye mkwe! Mfungeni huyo!"

"Subiri," nikasema. "Kwanza mtihani."

Nikigeuka kuchukua chaki, tuko darasani kwangu. Pikapu zimebanana kwenye madawati, Nyekundu magoti yanamfika kwenye taa. Ubaoni nimechora kona, na nyuma ya kona trela.

"Bluu, sikiliza. Unapokata kona, trela halipiti ulipopita wewe, linakatiza kwa ndani. Utajuaje kama limegonga kitu?"

Bluu akawaza. "Nitasikia watu wakipiga kelele."

"Na kama hakuna watu?"

"Basi hakuna shida, mwalimu."

Nikampa sifuri. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaifunga chini ya bodi kama tairi la akiba.

Sasa akabaki Nyeupe. Alikuwa dawati la mwisho, wa kimo cha kati, mlango mmoja una rangi tofauti kidogo na mwenzake. Hakuwa amenyoosha mkono wala kukohoa tangu tuingie.

"Na wewe unavuta kiasi gani?" nikamwuliza.

"Kiasi cha kutosha, mwalimu, nikipangiwa mzigo vizuri." Akasita. "Naweza kuuliza swali?"

"Uliza."

"Mzee anakaa wapi botini? Mbele au nyuma?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Wote walikuwa wamezungumza juu ya boti, juu ya farasi na juu ya heshima, lakini mahali pa kumkalisha mzee hakuna aliyepawaza, hata mimi.

"Ya nini kujua?" akafoka kuku.

"Akikaa nyuma sana," akasema Nyeupe taratibu, "trela litakuwa jepesi mbele, litayumba, litanitikisa kama mbwa anavyotikisa mkia. Akisogea mbele kidogo, litanilalia mgongoni kidogo, nitatulia, na yeye atatulia. Na kingine, huko mbele hakuna upepo sana. Wazee upepo hauwafai."

Nikaweka chaki chini. "Nimemchagua huyu," nikasema.

Tukamfunga Nyeupe kwenye trela. Ndoano ilipobana tu, akawa mkwe. Saiti mira zake mbili zikajikunja zenyewe, kioo cha kati kikajifunika khanga, naye akaanza kutetemeka. Nyuma nikasikia kikohozi ninachokijua. Mzee amekwisha kupanda.

"Tazama kioo," nikamwambia Nyeupe.

"Mwalimu, siwezi. Ni mkwe wangu."

"Ni mkwe wangu pia."

"Basi tazama wewe."

Sikutazama. Nikatia gia, nikaondoka hivyohivyo, kama Bluu.

Hatujafika mbali, tukiwa katikati ya mashamba ya chai, ardhi ikainuka chini yetu. Tumepanda kwenye mizani ya barabarani, ile ya kupimia malori. Mizani ikajisafisha koo.

"Boti," ikasoma, "limo ndani ya kipimo. Trela, limo. Mzee na sweta lake, wamo. Heshima..."

Mshale ukazunguka, ukazunguka tena, ukang'oka, ukarukia kwenye chai.

"Heshima imezidi boti," ikasema mizani. "Punguza au hupiti."

Nikashuka. Kweli, bodi ya Nyeupe ilikuwa imejaa magunia ambayo sikuyaona tukiondoka. Nikafungua moja. Lilikuwa na mara zote nilizochepuka njiani, nikaingia kwenye umande mpaka magotini ili mzee apite. Nikafungua la pili. Hili lilikuwa na kusimama nyuma ya milango. Kulikuwa na gunia la kushusha sauti, na debe zima la vikombe vya chai nilivyoviweka chini na kuondoka kabla hajafika. Chini kabisa kulikuwa na kifurushi kidogo: siku Lusajo alipozaliwa, mzee alikuja kumwona mjukuu, mimi nikamkabidhi mtoto kwa kupitia dirishani, nikaona mikono miwili tu ikipokea.

Nilikusudia kutupa kitu. Nikainua gunia hili, nikalirudisha. Nikainua lile, nikalirudisha. Nikaketi katikati ya magunia nikalia kwa sauti. Sikujua nimembebea mzee vitu vingi namna ile.

Ndipo kikohozi kikasikika botini.

"Wewe nanga," Mzee akaiambia nanga, "mwambie Mama Lusajo asilie peke yake. Nusu ya magunia hayo ni yangu. Mimi pia nilikuwa nachepuka. Kuna siku nilizunguka mto mzima kwa sababu nilimsikia anaimba njiani."

Nanga ikaniambia. Kuku, kumbe naye alikuwa amepanda, akaiona hiyo kazi inafanywa na mtu mwingine, akavua tai na kuacha kazi.

"Kama ni ya wawili," ikasema mizani, "mnasumbua bure. Nusu ikae botini, nusu kwenye pikapu. Piteni, mnazuia chai."

Tukahamisha. Mimi nilikuwa nanyanyua gunia nikiwa nimegeuza mgongo, naye analipokea akiwa amegeuza mgongo, na hakuna hata moja lililoanguka.

Kisha barabara inainama.

Haina kona, haina onyo, inainama tu kama sahani inayomwagwa. Boti linatusukuma. Nyeupe anakanyaga breki mwenyewe kabla sijakanyaga, na breki zinaanza kunuka. Nyuma trela linanong'ona kwamba lingependa kutangulia.

"Mwalimu," Nyeupe analia, "siwezi kutazama nyuma, na siwezi kuacha kutazama!"

"Mpanda ngazi hushuka," anasema mtu kiunoni kwangu. Ni hendibreki. Ana sauti ya bibi aliyeona mengi. "Lakini aliyesema hivyo hakusema ashuke ametazama wapi. Binti, kwenu nani hutangulia njiani?"

"Mkubwa."

"Mkubwa yuko wapi?"

"Nyuma."

"Hapo sasa," akasema hendibreki, akashika.

Nikaelewa, na nikaona haya kwamba mimi mwalimu nimefundishwa na hendibreki. Tumemfunga mkubwa nyuma kama kopo la gari la harusi! Nikageuza msafara wote katikati ya mteremko, mahali ambapo hata baiskeli haigeuki, nikatia gia ya nyuma. Boti likawa mbele, na sisi nyuma yake. Mzee ametangulia, anatazama ziwa. Mimi nimegeuza shingo, natazama kupitia kioo cha nyuma, na ninachokiona ni kofia na kisogo. Kisogo hakina mwiko. Nyeupe akafungua saiti mira moja, halafu ya pili.

"Kumbe kuvuta ni kazi ya kupanda," akasema, breki zimepoa. "Kushuka ni kazi ya kushika."

Kila aliyewahi kurudisha trela nyuma anajua taabu yake: ukitaka liende kulia, usukani unaupeleka kushoto. Kwa hiyo ili tufike Matema ilinibidi nilenge Mbeya, upande wa pili kabisa. Nililenga Mbeya kwa moyo wote. Vibao vya barabarani vilipotuona vilichanganyikiwa, kisha vikageuka kutusaidia. Kadiri nilivyozidi kuitamani Mbeya ndivyo joto la Kyela lilivyozidi kutupiga usoni.

Ipinda trafiki akatusimamisha. Alikuwa mrefu kama nguzo, na filimbi yake ilikuwa inampuliza yeye.

"Mama, wewe unakwenda mbele au unarudi nyuma?"

"Namfuata mkwe wangu, afande."

Akavua kofia, akachepuka hadi kwenye mpunga. "Pita, mama. Wangekuwa wote kama wewe."

Na hapo mbele ni maji.

Matema imekuja yenyewe kwa miguu, ikavua viatu ikatulia. Boti likagusa maji kwa ncha, likarudi kidogo.

"Hayana sukari," likalalamika.

"Ingia," akasema Mzee, akilipapasa ubavuni. Alisema neno hilo moja kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, sauti ya mtoto anayejikaza asicheke kanisani. Nyeupe akashusha pole, pole, pole. Trela likazama. Boti likainuka juu ya mgongo wake, likaelea.

Nikashuka kulifungua. Maji yakanifika kiunoni. Nikafungua kamba, nikalisukuma, na hapo nikakumbuka jambo ambalo kila mtu wa ziwani analijua na hakuna mtu wa Tukuyu anayelijua: boti likifunguliwa haliendi moja kwa moja. Linageuka linavyotaka.

Likaanza kugeuka.

Kisogo kikaondoka. Likaja sikio. Natafuta mgomba wa kujificha, hakuna. Natafuta mlango, hakuna. Nikavuta khanga nijifunike, khanga hakuna, ameivaa Nyeupe, na Nyeupe ameshafumba taa zake zote. Nimesimama mbele ya mkwe wangu mchana kweupe, uso wazi, miguu majini. Likaja shavu. Boti likatulia.

Alikuwa amejifunika kofia usoni. Mikono yote miwili ilikuwa imeing'ang'ania. Sikuwahi kufikiri kwamba naye alikuwa anaogopa. Halafu polepole akaishusha kofia.

Ulikuwa uso wa Lusajo wangu. Uleule, pua ileile, umeachwa juani miaka mingi na hakuna aliyekumbuka kuuanua. Nilitaka kumwimbia. Nilitaka kumwambia ahsante kwa mikono ile ya dirishani. Nilitaka kupiga magoti, lakini maji yangenifika kidevuni. Nikafungua mdomo niseme neno moja la heshima linalofaa siku kama hiyo, na likatoka neno pekee ambalo mdomo wangu unalijua.

"Kioo!" nikampigia kelele.

Mzee akashtuka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Basi nikacheka. Nilicheka mdomo wazi wote, bila kiganja, bila khanga, mpaka nikashika ubavu wa boti nisianguke. Yeye akainama karibu, akanitazama vizuri, kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Kumbe," akasema, na hakumwambia nanga, wala kuku, aliniambia mimi, "kumbe una mwanya."

Nikaamka.

Asubuhi imeshaingia, Ambakisye amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga viatu. Nilikagua miguu yangu: mikavu. Nikapapasa shuka: hakuna mchanga, hakuna hata dagaa. Nikanusa viganja, havinuki breki. Nikajiambia ndoto ni ndoto, ndizi za maharage zisiliwe usiku, nikainuka kwenda kuwasha moto.

Nikiwa jikoni, kikohozi kikapita uani. Nikarudi nyuma ya mlango kama siku zote, khanga mdomoni. Huko nje visigino vikasimama kando ya bomba, ambako nilikuwa nimeacha ndoo.

"Wewe ndoo," akasema Mzee, "mwulize yule mama mwenye mwanya kama ameshachagua gari."

Ambakisye akatokea chumbani na kiatu kimoja mguuni. "Umesikia alivyosema?" akaninong'oneza. "Meno yako baba ameyaonea wapi?"

"Wewe ndiye umemwambia."

"Mimi? Ningeanzaje? 'Shikamoo baba, mke wangu ana mwanya'? Nina wazimu?"

Na ni kweli hakumwambia, namjua. Na hata kwenye picha ya harusi nimeinamisha kichwa na midomo nimeibana kama nimemeza ufunguo. Mzee hana pa kuyaonea.

Moyo haukuogopa hata kidogo. Ulifurahi, ulifurahi sana. Nikaishusha khanga kutoka mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikapaza sauti kuelekea uani.

"Ndoo," nikasema, "mwambie Mzee nimechagua ile nyeupe. Mwambie akae mbele kidogo, avae sweta. Na tukifika majini, yeye ndiye atakayetangulia."

Ambakisye amekishika kiatu cha pili kifuani kama Biblia. Nje nikasikia kitu ambacho masikio yangu hayakuwahi kukisikia katika nyumba hii, mzee anacheka peke yake, taratibu, kwa pua.

"Ndoo," akasema, "mwambie nimekubali yote. Ila safari hii asinipigie kelele."